Kununua mitumba Karume: soma bei kabla hujafungua mdomo

Mtu akirudi kutoka Karume na mzigo mzuri, hadithi anayoisimulia nyumbani ni ya mdomo: alivyobishana, alivyojifanya anaondoka, muuzaji alivyomwita arudi. Asilolisema ni alifika saa ngapi, na nguo aliyoishika ilikuwa imekaa mezani kwa muda gani. Hapo ndipo penye unafuu wenyewe. Kupatana kunakupunguzia elfu chache. Kujua nguo imefikia hatua gani tangu belo, yaani furushi la mitumba, lilipokatwa kamba kunaweza kukupunguzia nusu ya bei na zaidi, na hujatoa neno.

Mwongozo huu ni wa Soko la Mchikichini, lile ambalo Dar es Salaam nzima inaliita Karume kwa kuwa liko jirani na uwanja wa mpira wa Karume, Ilala. Mengi yaliyomo yatakufaa pia Ilala Boma, Manzese, Tandika, au mnada wowote wa nguo mtaani kwenu.

Kwanza, jua nguo inavyoshuka bei

Muuzaji wa mitumba ananunua belo likiwa limefungwa. Anajua aina iliyomo, labda blauzi, labda jinzi, labda magauni au nguo za watoto. Anajua daraja na anajua uzito, na kilo 45 ni uzito wa kawaida sana. Lakini ndani hajaona. Akikata kamba anaweza kukuta nusu ya nguo ni safi, na anaweza kukuta lundo la madoa na zipu mbovu. Fedha ameshalipa na hakuna pa kuzirudisha. Kwa hiyo zile chache nzuri ndizo zinazobeba gharama ya mbaya zote. Ukilielewa hilo, hutashangaa kwa nini shati moja linatajwa elfu kumi na tano wakati mita mbili pembeni yapo mashati ya buku, yaani elfu moja.

Belo likishafunguliwa nguo huchambuliwa. Zilizo bora, wanazoziita grade one, hupigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Zinazofuata hupangwa mezani. Zinazobaki humwagwa juu ya turubai chini, na kijana mmoja hupanda juu ya meza na kuanza kuimba bei: buku buku, jero jero (jero ni mia tano), chagua mwenyewe.

Za kwenye henga huwahiwa na wenye fremu za maduka za Sinza, Kinondoni na Mwenge pamoja na wauzaji wa mtandaoni. Hao hufika alfajiri, wanawajua wauzaji kwa majina, na wengine hupigiwa simu kabla belo halijakatwa. Usishindane nao. Wao wanatafuta kitu cha kuuza tena, wewe unatafuta kitu cha kuvaa, na mengi wanayoyaacha hayana kasoro ya maana. Wameyaacha kwa sababu ya rangi isiyo ya msimu, au saizi ambayo wateja wao hawaiulizi.

Muda unavyokwenda, zilizokosa mteja zinashuka ngazi. Gauni la kwenye henga saa mbili asubuhi linaweza kuwa mezani saa tisa mchana, na likifika kesho kutwa likawa kwenye turubai. Ni lilelile. Kwa hiyo ukifika kwenye meza yoyote, swali la kwanza lisiwe bei. Liwe: "Mmefungua leo?" Akijibu ndiyo, bei itakuwa juu na itakuwa ngumu, lakini uchaguzi ni mpana. Akijibu "tulifungua juzi", jua kwamba fedha ya belo ameshaanza kuirudisha na sasa anataka meza iwe wazi kwa ajili ya mzigo mwingine. Hapo maongezi yapo.

Chagua siku na saa yako

Ukitaka kitu maalumu, mathalani koti la suti au gauni la harusi, nenda mapema, saa moja au mbili asubuhi, siku ya kazi. Utalipa zaidi, lakini utakipata. Ukitaka nguo za kushindia, mashuka, mapazia, taulo au nguo za watoto wanaokua haraka, nenda mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi. Jumamosi na Jumapili soko hujaa watu kiasi kwamba hata kuinama kuchagua ni kazi, na muuzaji mwenye watu kumi mbele yake hana sababu ya kukupunguzia.

Mwisho wa mwezi, wiki za kuelekea Idd na Krismasi, na Januari shule zinapofunguliwa, bei hupanda. Katikati ya mwezi watu hawana fedha na wauzaji wanaijua hali hiyo. Masika, kati ya Machi na Mei, soko linageuka tope, ila mvua ya asubuhi iliyokatika ni nafasi nzuri sana kwa mtu mwenye viatu vya kuchafua: wateja wachache, na muuzaji anayeogopa mzigo wake kulowa. Masweta na makoti mazito yanunue Dar kipindi cha joto, Desemba hadi Februari. Ukisubiri Juni, utayagombania na watu wanaosafiri kwenda Mbeya, Njombe na Arusha.

Jiandae nyumbani

Andika unachotafuta. Mitumba ina namna ya kumfanya mtu arudi na nguo saba nzuri na bado hana suruali ya kazini aliyoifuata. Kisha chukua suruali yako inayokukaa vizuri kuliko zote, itandike kitandani, pima kiuno, nyonga na urefu wa ndani ya mguu, uandike kwenye simu. Fanya hivyohivyo kwa shati: mabega, kifua, urefu wa mkono. Nguo za watoto vilevile, usikisie kwa umri. Beba futi ya fundi cherehani. Namba za lebo hazina uhakika, kwa sababu mzigo unatoka nchi mbalimbali: saizi 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na katika nchi nyingi za Ulaya ni 40.

Vaa nguo inayobana kidogo, kama fulana na taitsi, ili uweze kujaribu nguo juu yake. Vyumba vya kujaribia ni vya kubahatisha. Akina dada wengi hubeba kanga, na kanga moja inatosha kuwa pazia. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu njia ni nyembamba na mikokoteni haina breki.

Beba mfuko wako mwenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na ile mbadala unayouziwa sokoni haivumilii jinzi tano. Salfeti imara au begi la mgongoni utakalolivalia kifuani ndilo bora. Ongeza maji ya kunywa, na chenji ya choo cha kulipia.

Kufika

Daladala zinazopita Barabara ya Uhuru, kati ya Buguruni na Kariakoo, zitakushusha kituo cha Karume, na zinazopita Barabara ya Kawawa pia. Ukitoka Kimara au Ubungo kwa basi la mwendokasi, shuka Magomeni na uchukue bodaboda kwa Kawawa, au uende mpaka Gerezani kisha urudi na daladala ya Uhuru. Gari binafsi liache nyumbani kama unaweza. Maegesho ni shida, na muuzaji aliyekuona ukishuka kwenye gari ameshapanga bei.

Zunguka bila kununua

Mzunguko wa kwanza ni wa macho. Tembea nusu saa bila kutoa hela. Tazama watu wamejazana wapi, maana kukiwa na watu wameinama na wananyang'anyana kimyakimya, belo limefunguliwa muda si mrefu. Sikiliza bei zinazoimbwa, na zinavyobadilika kutoka kona moja hadi nyingine. Jinzi zina eneo lake, viatu vina eneo lake, mashuka na mapazia vilevile. Ndani kabisa, mbali na barabara, bei huwa tulivu kuliko za meza zinazotazama kituo cha daladala, kwa sababu za nje zinamwinda mpita njia.

Ukiona kitu ulichokipenda sana kwenye henga na kiko kimoja, kichukue. Ushauri wa kuzunguka hauhusu kitu cha pekee, na ukirudi baada ya nusu saa utaambiwa kimeshaondoka.

Kagua

Hapa usiwe na haraka. Muuzaji akikuhimiza, tabasamu na uendelee.

Itoe nguo kivulini uipeleke kwenye mwanga wa jua. Mapaa ya turubai la bluu hubadilisha rangi ya kila kitu, na nyeupe iliyogeuka manjano huonekana safi kabisa chini yake. Ukiwa juani, ishike kwa mikono miwili uinyanyue ili mwanga upite: matundu ya nondo na sehemu zilizolika zitajionyesha zenyewe. Kisha fuata mpangilio mmoja kila mara ili usisahau: ukosi, kwapa, ncha za mikono, vifungo, zipu, mapaja kwa ndani, pindo.

Kwapa na ukosi ndiyo mtihani mkubwa. Doa la jasho lililogeuka manjano na kukakamaa mara nyingi halitoki, hata ukiambiwa kwamba linatoka. Doa la vumbi mara nyingi hutoka. Doa la mafuta lijaribu moyoni mwako: ungeivaa nguo hii kama lingebaki? Kwenye suruali, mapaja kwa ndani hulika kabla ya sehemu nyingine zote, na jinzi iliyokwisha kuwa nyembamba hapo itatoboka ndani ya miezi michache.

Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Zipu mbovu si mwisho wa dunia, fundi anaibadilisha, lakini gharama yake iingie kwenye bei. Kifungo kimoja kilichopotea si kasoro. Geuza nguo ndani nje na uangalie, mara nyingi kuna cha akiba kimeshonewa karibu na lebo. Geuza hata kama hutafuti kifungo: mishono ya ndani ndiyo inayokueleza nguo ilitengenezwa kwa uangalifu au kwa kulipua. Mshono mnyoofu, ulioshikwa vizuri, wenye kitambaa cha ziada pembeni, ni nguo ambayo fundi anaweza kuipanua na kuipunguza. Mshono uliokatwa ukingoni kabisa hauongezeki.

Kwa joto la Dar tafuta pamba na kitani. Finya kitambaa kwa nguvu ngumini kisha uachie: kikibaki na mikunjo kina pamba au kitani nyingi, kikirudi kama hakijaguswa ni poliesta. Huo si ushahidi wa mahakamani, ila unasaidia pale lebo ilipokatwa. Sweta lisugue kidogo kwenye kiganja. Likianza kutoa vipira vidogovidogo sasa hivi, baada ya kufuliwa litakuwa limezeeka.

Kiuno cha suruali kina kipimo cha shingo ambacho kila mtu sokoni anakijua: funga kifungo, shika ncha mbili za kiuno, zungusha shingoni. Zikikutana nyuma bila kuvutana, inakutosha. Kwa watu wengi hakidanganyi, kwa wengine kinadanganya, ndiyo maana una futi mfukoni.

Viatu vina hila zake. Vingi vimeoshwa, vimepakwa rangi na kusuguliwa vikang'aa, kwa hiyo mng'aro usikushawishi. Kunja soli katikati uone kama gundi inaachia au mpira unapasuka. Raba zilizokaa miaka mingi bila kuvaliwa soli yake hukauka na kumeguka hata kama juu ni mpya. Ingiza mkono mpaka kwenye vidole, papasa kisigino kwa ndani. Vaa vyote viwili, utembee. Na hakikisha namba ya kushoto ni sawa na ya kulia.

Nguo za ndani za mitumba usinunue. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imezipiga marufuku kwa sababu za kiafya, na kuziona zimepangwa mahali hakuzifanyi ziwe halali wala salama.

Kupatana

Salamu kwanza. Mama wa makamo mwenye meza yake hapo tangu hujui lini, mwambie: "Shikamoo mama, habari za biashara?" Kijana mwambie kaka au anko. Yeye atakuita dada, mama, bosi, mkubwa, kulingana na atakavyokuona. Hali ya maelewano inaanzia hapo, na muuzaji aliyesalimiwa vizuri hataji bei ya hasira.

Usiulize bei ya kitu kimoja ukiwa umekikumbatia. Shika viwili vitatu, uliza cha pili kwanza. Bei ikitajwa, taja ya kwako kama nusu yake au zaidi kidogo kwa nguo za henga. Kwa za mezani sogea karibu na bei yake. Kwenye turubai la buku buku hakuna kupatana kwa nguo moja, ila unaweza kuomba ya nyongeza ukichukua nyingi.

Sababu ina nguvu kuliko kelele. Sikiliza jinsi inavyokwenda:

"Kaka, hii shilingi ngapi?"
"Kumi na tano, dada. Grade one hiyo."
"Nina nane."
"Aah, hata mtaji hairudishi. Lete kumi na mbili."
"Angalia zipu, inakwama. Fundi ataitaka hela yake. Tisa."
"Kumi, chukua. Hata sijauza kitu tangu asubuhi."

Kumi hapo ni bei ya haki, mpe. Aliyetaja bei ikakubaliwa anawajibika kununua. Kuomba punguzo, ukapewa, kisha ukaondoka kunachukuliwa kama dharau, na meza za jirani zinasikia. Kama huna hakika, usitaje namba. Sema tu, "Ngoja nizunguke, nitarudi."

Njia ya kupata punguzo la kweli ni kuchukua nyingi kwa mtu mmoja. "Nachukua tano, nifanyie bei ya jumla" inafungua milango ambayo kubembelezea shati moja haiwezi kuifungua. Ndiyo maana inalipa kwenda watu wawili watatu, ndugu au majirani, na kuunganisha manunuzi.

Nina ombi hapa. Julai 10, 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, na miezi sita baadaye, alfajiri ya Januari 16, 2022, moto mwingine ukateketeza Karume. Watu walifika asubuhi wakakuta majivu mahali palipokuwa na mtaji wao wote, wengine mtaji wa mkopo. Walijenga upya kwa mbao na mabati na wakaendelea. Patana, ni haki yako na wao wanakutegemea upatane. Lakini usimkamue mtu mpaka tone la mwisho kwa ajili ya mia tano ambayo kwako ni nauli, na kwake ni sehemu ya faida ya siku.

Kulipa na kulinda mali

Beba noti ndogondogo. Kutoa msimbazi, noti ya elfu kumi, kulipia nguo ya buku mbili kunaleta mambo mawili: chenji inakawia, na kila aliye karibu anaona ulichonacho. Tenga hela ya matumizi mfuko wa mbele, nauli mfuko mwingine, kubwa ikae ndani kabisa. Wauzaji wengi wana lipa namba, namba ya kupokelea malipo kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea na umuulize kama ni lenyewe, na usiondoke mpaka naye apate ujumbe.

Vibaka wapo, hasa penye msongamano wa belo jipya, macho ya kila mtu yakiwa chini. Simu isikae mfuko wa nyuma. Ukisimama barabarani kusubiri usafiri usiitoe ovyo, maana wa bodaboda wanaonyakua na kukimbia hawahitaji hata sekunde mbili. Mtu akikugonga kwa makusudi au kukumwagia kitu, shika begi kwanza, hasira baadaye.

Ukiunganisha na Kariakoo

Kutoka Karume hadi Kariakoo ni mwendo mfupi kwa Barabara ya Uhuru. Nenda huko kwa vitu vipya: zipu na vifungo vya kutengenezea ulichonunua, soksi, nguo za ndani, henga. Mtaa wa Kongo una nguo mpya zilizotandazwa barabarani, na bei ya jumla mara nyingi huanza kwenye vipande vichache tu, uliza. Utakutana na mawinga, vijana wanaokuuliza unatafuta nini na kukupeleka dukani. Wanajua Kariakoo kuliko yeyote na kwa kitu adimu wanakuokolea saa nzima, ila cha juu chao kimo ndani ya bei utakayotajiwa. Ukimtumia, kubaliana naye malipo yake mapema. Ukinunua dukani dai risiti.

Fundi, kisha beseni

Usiondoke Karume kabla ya kupita kwa mafundi cherehani walioko sokoni. Kukata pindo, kubana kiuno, kupunguza mikono, wanafanya ukiwa umekaa pale. Suruali nzuri ndefu kupita kiasi huachwa na wengi mezani, na hiyo ndiyo yako, kwa sababu gharama ya fundi ni ndogo. Mabega ya koti ndiyo yasiyofaa kurekebishwa. Yakikupwaya, liache.

Nyumbani usiziingize kabatini moja kwa moja. Tenganisha nyeupe, za rangi na za sufu. Nyeupe za pamba ziloweke usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, na ile harufu ya mtumba ikigoma, suuza kwa maji yenye siki kidogo. Za rangi zijaribu kwanza kona moja kwa kitambaa cheupe chenye maji, uone kama zinachuja. Anika juani, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na pindo, ambako wadudu na mayai yao hujificha. Sweta la sufu lioshe kwa maji ya baridi bila kulikamua, ulitandike juu ya taulo kivulini. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limelowa, litafika magotini.